Meneja wa Bidhaa Kati ya Mkulima na Fundi: Somo Kutokana na Mashine ya Kukamulia Alizeti

Iguguno ni mji mdogo wa wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na hatimaye Mwanza. Hadi wilaya hiyo ilipoanzishwa mwaka 2012, eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya Iramba. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, ianzayo Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, nayo si ya kutegemewa sana. Ndiyo maana mtama, uwele na alizeti hustahimili mahali ambapo mahindi hukauka kabla ya kubeba. Mzizi wa alizeti hupenya chini sana kutafuta unyevu uliobaki ardhini, na kwa sababu hiyo zao hili limekuwa tegemeo la fedha kwa kaya nyingi za mkoa huu.

Mavuno yakishaingizwa ndani, mkulima hukabiliwa na uamuzi. Je, auze mbegu kwa gunia kwa bei atakayoitaja mnunuzi, ama azikamue kwanza, auze mafuta, na abaki na mashudu ya kulishia mifugo na kuku? Uamuzi huo ni wa kiuchumi, lakini msingi wake ni kifaa. Mashine ikiwa mbali, au ikiwa ghali, au ikimshinda mtu nguvu, mkulima hana hiari yoyote. Atauza gunia, kisha atarudi dukani kununua mafuta. Na hasara hiyo si yake peke yake, kwani Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nchi za nje, hasa mafuta ya mawese.

Basi, kati ya mkulima mwenye haja na fundi mwenye chuma pana nafasi ambayo hapana budi ijazwe na mtu. Mtu huyo hufuatilia bidhaa moja tangu ilipokuwa wazo, ikachorwa, ikaundwa, ikauzwa, ikaharibika na kutengenezwa, hadi siku itakapopitwa na wakati. Siku hizi huitwa meneja wa bidhaa. Vijana wengi hulisikia jina hilo wanapozungumzia programu za simu na kudhani kwamba ni kazi iliyozaliwa na kompyuta. Sivyo. Asili yake hutajwa aghalabu kuwa waraka ulioandikwa mwaka 1931 na Neil McElroy, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble huko Marekani. Alipendekeza kwamba kila aina ya sabuni iwe na mtu wake wa kuiwajibikia. (McElroy huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake mwaka 1957, jambo linaloonyesha kwamba sabuni si shule mbaya.) Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki upo mfano ulio karibu zaidi, nao una faida ya kufafanuliwa kwa fizikia ya sekondari.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, Kanisa la Kilutheri mkoani Arusha liliendesha mradi wa alizeti vijijini, likisaidiwa na shirika la Marekani liitwalo Appropriate Technology International. Mashine iliyotumika mwanzoni ilikuwa ya kugandamiza kwa jeki. Ilifanya kazi, lakini kwa mafungu. Mbegu zilipaswa kupondwa, kupashwa moto, kupakiwa, kugandamizwa, kisha mashudu yatolewe na kazi ianze upya. Ilihitaji kikundi cha watu na kuni. Kwa maneno mengine, mashine ilitoa mafuta na wakati huo huo ikala siku nzima ya wanakijiji. Mhandisi wa Kimarekani, Carl Bielenberg, akatakiwa kuutatua ugumu huo, na mnamo mwaka 1985 na 1986 akabuni mashine ya mkono ya pistoni ambayo baadaye ilisambaa katika nchi kadhaa za Afrika.

Umbo lake ni rahisi. Mbegu nzima hushuka kutoka kwenye kapu la juu na kuingia katika silinda iliyolala. Mtu anapouvuta chini mkono mrefu wa mashine, pistoni husukuma mbegu mbele, katika kitundu kilichojengwa kwa nondo zilizopangwa karibu karibu. Mafuta hupenya katika nyufa kati ya nondo na kudondoka, ilhali mashudu hutokea mwishoni yakizunguka koni ya chuma. Koni hiyo huweza kukazwa au kulegezwa kwa skrubu. Ikikazwa, njia ya mashudu huwa nyembamba, mgandamizo hupanda na mafuta huzidi. Ikilegezwa, kazi huwa nyepesi na mafuta mengi hubaki ndani ya mashudu. Hapahitajiki kuponda wala moto, bali jua tu la kuzipasha mbegu, kwani mafuta yenye joto hutiririka kwa wepesi zaidi kuliko mafuta baridi.

Hapa ndipo fizikia inapoingia. Mkono wa mashine ni wenzo. Chukulia kwamba umbali kutoka kwenye egemeo hadi mahali mtu anaposhika ni mara 40 ya umbali kutoka kwenye egemeo hadi pistoni. Mtu akisukuma kwa kani ya nyutoni 300, ambayo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 30 hivi, pistoni hupata nyutoni 12,000, ikiwa msuguano hautiliwi maanani. Ikiwa kipenyo cha pistoni ni milimita 30, eneo la uso wake ni sentimita za mraba 7.07. Kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo, ni paskali milioni 17 takriban, au kama mara 170 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Kwa mgandamizo wa kiasi hicho mbegu ya alizeti hukubali kuachia mafuta.

Sasa fikiria kwamba wanunuzi wamesema: mashine ni ndogo, tunataka kubwa. Meneja wa bidhaa asiye na hesabu angerudi karakanani na kuagiza pistoni ya milimita 60. Kipenyo kimeongezeka mara 2, lakini eneo limeongezeka mara 4. Kwa kani ile ile ya pistoni, kanieneo itashuka hadi paskali milioni 4.2, na mafuta yatapungua sana. Ili kuirudisha pale ilipokuwa, itabidi mtu asukume kwa nyutoni 1,200, yaani uzito wa watu wazima wawili waliouning'inia mkono wa mashine. Mtu mmoja hawezi. Mkono ungeweza kurefushwa, lakini mkono wenye urefu mara 4 haungeingia katika nyumba yoyote ya Iguguno.

Lipo jambo la pili ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Je, pistoni nyembamba humpunguzia mtu kazi? Chukulia kwamba pistoni ya milimita 30 husogea sentimita 3 kwa kila mvuto. Ujazo wa mbegu unaosukumwa ni sentimita za ujazo 21.2. Ncha ya mkono husogea mara 40 ya sentimita 3, yaani mita 1.2, na kazi inayofanywa ni nyutoni 300 mara mita 1.2, sawa na jouli 360. Pistoni ya milimita 60, kwa kanieneo ile ile na mwendo ule ule, husukuma ujazo mara 4 na kudai jouli 1,440. Kwa kila sentimita ya ujazo, nishati ni ile ile. Mtu mzima mwenye afya huweza kufanya kazi mfululizo kwa kadiri ya wati 75. Kwa hiyo atavuta mashine ndogo mara moja kila sekunde 5 hivi, na ile kubwa, kama angeiweza, mara moja kila sekunde 19. Mwisho wa saa moja, ujazo uliokamuliwa ungekuwa sawa: kama lita 16 za mbegu, ambazo ni kilo 6 na kitu. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana kani haiwi kamili tangu mwanzo hadi mwisho wa mvuto na mbegu hushindiliwa njiani, ila sura yake ni ya kweli. Pistoni nyembamba haikuongezi nguvu wala haipunguzi kazi. Huigawa kazi katika vipande ambavyo mwili wa mtu mmoja unavimudu.

Historia ya mashine hiyo ilifuata njia hiyo hiyo. Zile za kwanza zilikuwa nzito, na mara nyingi zilihitaji watu wawili kwenye mkono. Baadaye zikaundwa ndogo zaidi, zenye pistoni nyembamba, ili mtu mmoja aweze kuziendesha peke yake. Sababu haikuwa fizikia peke yake, bali pia ni nani ashikaye mkono wa mashine. Katika kaya nyingi anayetoa fedha za kununulia ni mume, lakini anayekamua ni mke au vijana. Meneja wa bidhaa akimsikiliza mwenye fedha tu, ataambiwa habari za ukubwa na bei. Akikaa saa mbili uani akitazama, ataona mwanamke akipumzika kila baada ya mivuto kumi, akiilegeza koni bila kumwambia mtu, na mafuta yakipungua. Maneno ya mnunuzi si uongo. Ni nusu ya habari, na nusu nyingine hupatikana kwa macho na saa ya mkononi.

Ugumu mwingine wa kila siku ni malalamiko. Mteja anafika na kusema: mashine yenu haitoi mafuta. Sentensi hiyo fupi yaweza kuwa na maana tano. Pengine koni imelegea. Pengine nondo zimelika na nyufa zimepanuka, hata mashudu yanatoka pamoja na mafuta. Pengine mbegu hazikukauka, au zilikamuliwa asubuhi ya baridi ya Juni bila kuanikwa juani. Au pengine mbegu zenyewe si za mafuta, na hilo ndilo lililosumbua zaidi katika miaka ya mwanzo. Alizeti ya mafuta huwa na ganda jembamba, ambalo ni kama robo ya uzito wa mbegu au pungufu. Alizeti ya kutafuna huwa na mbegu kubwa na ganda nene, ambalo huweza kukaribia nusu ya uzito. Ganda halina mafuta ya maana, na lile gumu huichosha mashine na mtu. Kwa sababu hiyo mashine ya Bielenberg ilikwenda sambamba na mbegu ya aina ya Record, yenye ganda laini. Mashine bila mbegu hiyo ilikuwa nusu ya bidhaa. Na hapa pana fundisho lenye uchungu kidogo: meneja hulaumiwa kwa jambo lililo shambani, ambako hana mamlaka yoyote.

Njia ya kulipata jibu ni ile ile ya maabara. Badili jambo moja kwa wakati mmoja. Mbegu za mteja zikamuliwe katika mashine iliyo nzima. Kisha mbegu zinazojulikana kuwa nzuri zikamuliwe katika mashine ya mteja. Majaribio hayo mawili tu yatatenga kosa la mbegu na kosa la chuma. Pia kila kitu kipimwe kwa mizani, kwa kuwa maada haipotei. Kilo 10 za mbegu zikitoa kilo 2.1 za mafuta na kilo 7.6 za mashudu, gramu 300 zilizobaki zatakiwa kuelezwa: zimo katika machicha yaliyotuama chini ya ndoo, au zimebaki ndani ya silinda, au zimemwagika. Zisipoelezeka, vipimo vina kasoro, na uamuzi wowote utakaojengwa juu yake una kasoro vilevile. Ofisi nyingi hubadili bidhaa kwa sababu ya malalamiko matatu yaliyopazwa kwa sauti kubwa. Mizani haina sauti, lakini haifai kuachwa kabatini.

Upande wa karakana nao una madai yake. Fundi hutaka chuma kinene, kwani anajua pini ya wenzo na tundu lake hulika upesi. Mnunuzi hutaka bei ndogo, na chuma ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei hiyo. Nafasi kati ya nondo lazima iwe ndogo na sawa kote. Fundi mchomeleaji asiye na kipimo huweza kuunda mashine inayofanana kabisa na ile ya asili kwa macho, ila ikatema mashudu mahali pa mafuta. Nchini Tanzania vyombo kama CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, na SIDO, lililoundwa mwaka 1973, vimekuwa na jukumu la kuziba pengo hilo la usanifu na mafunzo ya mafundi. Huko Kenya, ApproTEC, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, ilishika njia tofauti kidogo. Iliuza mashine ya aina hii kama bidhaa ya dukani, ikaipa jina la Mafuta Mali. Jina hilo halisemi lolote juu ya pistoni wala wenzo. Linasema kile mnunuzi anachokitafuta, na kwa hakika lilichaguliwa na mtu aliyewasikiliza watu.

Mwalimu atakayelifundisha somo hili angefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi kwamba meneja wa bidhaa hamwamrishi mtu. Fundi yuko chini ya karakana yake, mbegu ziko chini ya watafiti na wauzaji wa mbegu, bei iko chini ya soko, na ubora wa mafuta yanayouzwa uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Yeye anacho kitabu cha vipimo tu, pamoja na uwezo wa kueleza. Akimwambia fundi "wateja hawaipendi," fundi atakasirika. Akimwambia "mashine 4 kati ya 10 zimetanua nyufa kabla ya msimu wa pili kuisha, na zote ni za nondo za fungu hili," fundi atachukua kipimo chake na kwenda kutazama.

Mwisho, bidhaa nayo huzeeka. Kwa kadirio lililofanywa hapo juu, gunia la kilo 60 lingemchukua mtu mmoja saa 9 au zaidi kwenye mashine ya mkono. Mashine ya injini au ya umeme huyamaliza magunia mengi kwa siku. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini alipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi, na leo sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti ya Singida hukamuliwa kwa mashine za nguvu hizo. Je, mashine ya mkono ilishindwa? La. Iliundwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme wala barabara ya uhakika, na sharti hilo lilipoondoka, sababu yake ilipungua. Kumwambia fundi aliyeizoea kazi hiyo miaka kumi kwamba sasa aunde kitu kingine, pengine chujio la mafuta au mashine ya kupepetea mbegu, ni mojawapo ya siku ngumu za kazi hii. Lakini kuendelea kuunda mashine zitakazokaa stoo ni kumdhulumu yeye na mnunuzi pia. Zaidi ya hayo, mahitaji hayakwisha kote: nyumba iliyo mbali na nguzo za umeme, yenye debe mbili za mbegu, bado haina sababu ya kulipa nauli hadi mashineni.

Mazoezi

1. Chukua mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la mililita 5 na jingine la mililita 20. Pima kipenyo cha pistoni ya kila moja na utafute eneo lake. Yajaze maji, uyaunganishe kwa mpira mwembamba, kisha mwanafunzi mmoja asukume dogo na mwenziwe azuie kubwa. Nani hushinda kwa wepesi? Pistoni ipi husogea umbali mkubwa zaidi? Linganisha majibu hayo na hesabu za pistoni ya milimita 30 na ya milimita 60.

2. Mashine moja ina wenzo wa uwiano wa 40 na pistoni ya kipenyo cha milimita 40. Mtu anasukuma kwa nyutoni 300. Tafuta kanieneo. Ikiwa mbegu za mkulima huanza kuachia mafuta ya kutosha kwa paskali milioni 12 tu, je, mashine hiyo ingempa mkulima huyo mafuta ya kutosha?

3. Mkulima wa Iguguno amekamua kilo 20 za mbegu akapata kilo 3 za mafuta. Jirani yake, kwa mashine ya aina ile ile, amepata kilo 5. Andika maswali manne ambayo ungewauliza, na majaribio mawili ambayo ungeyafanya kabla ya kuigusa mashine.

4. Kikundi cha akina mama kina fedha za kununua mashine moja ya mkono, au za kulipia ukamuaji wa mashine ya umeme iliyo umbali wa kilometa 12 kwa misimu mitatu. Orodhesha vipimo ambavyo ungevihitaji kabla ya kuwashauri, na ueleze ni nani kati yao ungemwuliza kwanza.